Wasomaji Wanauliza: Mafuta ya Kula, Kutoka Kwenye Karai hadi Kwenye Damu

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi iliyohimiza familia zipunguze mafuta jikoni, na barua zilizokuja baada yake zinaonyesha kwamba makala ile iliacha maswali mengi kuliko iliyoyajibu. Wengine wameambiwa mafuta ni sumu, wengine wameambiwa ni dawa, na wote wanataka kujua wapike nini leo jioni. Nimechagua barua sita na kuzifupisha bila kugusa maana yake. Msomaji ataona kwamba karibu kila jibu linarudi kwenye swali lile lile, yaani mafuta haya yameundwa kwa asidi gani, kwa kuwa hilo huamua mengi kuliko jina la mmea au maneno yaliyopamba chupa. Anayetumia dawa za moyo, kisukari au ini asibadilishe chochote kwa sababu ya safu hii kabla ya kuzungumza na daktari anayemtibu.

Nilinunua Tanga chupa mbili za mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani, yakiwa maji kabisa. Nilipofika Njombe yaliganda yote yakawa meupe. Jirani yangu anasema nimeuziwa mafuta yaliyochanganywa na shahamu ya ng'ombe. Je, ni kweli? — Msomaji, Njombe

Ndugu msomaji, kuganda peke yake si ushahidi kwamba mafuta yamechakachuliwa. Mafuta safi ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi za Selsiasi. Tanga joto la mchana huwa juu ya kiwango hicho, ndiyo maana uliyakuta yakiwa maji. Njombe, hasa mwezi wa Juni na Julai, joto hukaa chini yake mchana na usiku. Mafuta yanayouzwa kwa jina la nazi na yakabaki maji kwenye baridi ya Njombe ndiyo yanayostahili kutiliwa shaka, kwa sababu huenda yamechanganywa na mafuta mengine, au yameondolewa kiwandani sehemu yake inayoganda.

Sababu iko kwenye muundo wa mafuta yenyewe, na nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa majibu yote yanayofuata yanaitegemea. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyeanza kwa kuichunguza sabuni, alichapisha mwaka 1823 kitabu kilichoonyesha kwamba mafuta ya wanyama yameundwa kwa vitu viwili vilivyoungana: gliseroli na asidi za mafuta. Leo tunajua kwamba molekuli ya mafuta ya kawaida, inayoitwa trigliseridi, ina gliseroli moja iliyoshika asidi tatu, na kwamba kila asidi ni mnyororo wa atomi za kaboni zilizobeba hidrojeni. Mnyororo ambao kaboni zake zimebeba hidrojeni zote zinazoweza kubeba huitwa asidi iliyoshiba. Mahali ambapo hidrojeni zimepungua, kaboni mbili jirani hushikana kwa kifungo maradufu, na mnyororo hujipinda hapo. Hiyo ndiyo asidi isiyoshiba. Minyororo iliyonyooka hulala sambamba na kushikana, kwa hiyo huganda upesi, ilhali iliyopinda haipangiki vizuri na hubaki maji.

Tofauti inayoletwa na kifungo kimoja ni kubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani. Asidi ya steariki na asidi ya oleiki zote mbili zina kaboni 18. Ya kwanza imeshiba na huyeyuka kwenye nyuzi 69, ya pili ina kifungo maradufu kimoja tu na huyeyuka kwenye nyuzi 13 hivi. Asidi ya linoleiki, yenye vifungo viwili na ambayo ndiyo nyingi katika mafuta ya kawaida ya alizeti, haigandi mpaka joto lishuke chini ya sifuri. Urefu wa mnyororo nao una kazi yake. Karibu asilimia 90 ya asidi za mafuta ya nazi zimeshiba, na takriban nusu ya zote ni asidi moja, ya lauriki, yenye kaboni 12 tu. Ufupi huo ndio unaoyafanya yayeyuke upesi kuliko shahamu ya ng'ombe, ambayo asidi zake zilizoshiba ni chache zaidi lakini minyororo yake ni mirefu, na ambayo kwa kawaida huhitaji nyuzi 40 au zaidi ili iyeyuke yote.

Kwa hiyo chota kidogo uweke kiganjani. Mafuta ya nazi huyeyuka yote kwa joto la mkono baada ya muda mfupi na kubaki maangavu. Kama unasikia chembe ngumu zinazosugua na hazitaki kuyeyuka, hapo jirani yako ana hoja. Kipimo hiki hakigundui mchanganyiko mdogo, lakini kinatosha kukuondolea hofu uliyoandika nayo.

Miezi minne iliyopita niliondolewa kibofu cha nyongo kwa sababu ya mawe. Tangu hapo mama mkwe ananipikia vya kuchemsha tu, akisema sina tena kitu cha kusaga mafuta. Ninamheshimu sana, lakini nimechoka na mchemsho. Je, sitakula tena samaki wa kukaanga? — Dada, Mwanza

Dada yangu, pole kwa upasuaji. Mama mkwe anakujali, na kwa wiki za mwanzo ushauri wake ulikuwa mzuri. Ila sababu anayoitoa si sahihi. Nyongo haitengenezwi na kibofu cha nyongo. Hutengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, na kibofu huihifadhi na kuikoleza mpaka itakapohitajika. Kwako sasa ini linaendelea kuitengeneza kama zamani, isipokuwa badala ya kutoka kwa wingi wakati wa mlo, inatiririka kidogo kidogo kuingia utumboni.

Ili uone kwa nini hilo linatosha, fuata njia ya tonge lenye mafuta. Mdomoni na tumboni kazi inaanza tu: kuna kimeng'enya cha lipasi kinachokata sehemu ndogo ya mafuta, na misuli ya tumbo inayoyavuruga pamoja na chakula kingine. Yakiingia kwenye duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo hutoa homoni inayokiamuru kibofu kijikamue na kongosho limwage maji yake. Tatizo la mafuta ni kwamba hayachanganyiki na maji, na vimeng'enya hufanya kazi ndani ya maji. Chumvi za nyongo hulitatua kwa namna ile ile ambayo sabuni hutatua masizi ya mafuta kwenye sufuria: upande wao mmoja hushika mafuta, mwingine hushika maji, na tone kubwa hugawanyika kuwa vitone vidogo mno. Juu ya vitone hivyo lipasi ya kongosho hutua na kukata asidi mbili za pembeni katika kila trigliseridi, ikiacha ile ya katikati ikiwa bado imeshikana na gliseroli.

Kwamba nyongo na kongosho vinahitajiana ilichukua muda kujulikana, na namna ilivyojulikana inapendeza kuisimulia. Mwaka 1622 Mtaliano Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona kwenye utando wa utumbo mishipa midogo myeupe iliyojaa kitu kinachofanana na maziwa. Zaidi ya karne mbili baadaye, Mfaransa Claude Bernard alitumia mishipa hiyo kama shahidi. Katika sungura, mrija wa nyongo huingia utumboni karibu na tumbo, lakini mrija wa kongosho huingia mbali zaidi chini. Bernard aliona kwamba mishipa ilianza kuwa myeupe baada ya mahali kongosho linapoingilia, akatambua kwamba nyongo peke yake haitoshi. Mwanafunzi wake, Albert Dastre, aligeuza jaribio kwa mbwa kwa kuielekeza nyongo iingie chini zaidi, na safari hii weupe ulianza baada ya nyongo kufika. Hapakubaki shaka kwamba vyote viwili ni lazima.

Vipande vilivyokatwa huingia kwenye seli za ukuta wa utumbo, na humo, jambo linalowashangaza wanafunzi wengi, huunganishwa upya kuwa trigliseridi. Kisha hufungashwa pamoja na protini kuwa chembe zinazoitwa kilomikroni, ambazo ni kubwa mno kuingia kwenye vishipa vya damu vya utumbo. Ndiyo sababu hupita kwenye mirija ya limfu, ile mishipa myeupe ya Aselli, hadi zinapomiminika kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na bega la kushoto. Saa tatu au nne baada ya mlo wa mafuta mengi, maji ya damu yakitengwa huonekana na ukungu mweupe. Maabara nyingi hukutaka ufunge kula kabla ya kupima mafuta ya damu kwa sababu hiyo. Asidi fupi, zenye kaboni 8 au 10, hazipiti njia hii. Zenyewe huenda moja kwa moja kwenye ini kupitia mshipa wa damu.

Mtu mwenye afya hufyonza zaidi ya asilimia 95 ya mafuta aliyokula, na wengi waliotolewa kibofu hukaribia hapo. Unachokosa ni uwezo wa kumwaga nyongo nyingi nzito kwa mara moja, kwa hiyo mlo mmoja uliolowa mafuta unaweza kukuletea tumbo kujaa au kuharisha, wakati mafuta yale yale yakigawanywa kwenye milo mitatu hayatakusumbua. Anza na sato wa kukaanga nusu, siyo mzima, pamoja na ugali na mboga, uone mwili unasemaje, kisha uongeze polepole. Rudi hospitali ukiona choo ni cha rangi ya kijivu, kinang'aa mafuta na kuelea, macho yanakuwa ya njano, au maumivu yale ya zamani yanarudi. Dalili hizo zinamaanisha nyongo haifiki utumboni, na si jambo la kusubiri.

Assalamu alaykum. Mume wangu ana miaka 52 na ameambiwa lehemu yake iko juu. Nimenunua mafuta ya kupikia yaliyoandikwa kwamba hayana kolesteroli. Je, sasa naweza kuyatumia bila kupima? Na wifi yangu anasisitiza ale mafuta ya nazi vijiko vitatu kila asubuhi, kwamba yanasafisha mishipa. — Mama, Mombasa

Waalaykumu salaam, mama. Maneno ya kwenye chupa ni ya kweli, lakini hayamsaidii mume wako. Lehemu, au kolesteroli, ni kitu cha wanyama. Mafuta ya mimea hayana kiasi cha kuhesabika, yawe ya nazi, mawese, alizeti au simsim, na kila mtengenezaji angeweza kuandika hivyo. Lehemu yenyewe si trigliseridi, na si adui kwa asili yake. Mwili unaihitaji kujengea utando wa seli, homoni na zile chumvi za nyongo nilizozieleza kwa dada wa Mwanza, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na mwili wenyewe. Kinachopandisha lehemu mbaya, ile inayosafiri na chembe za LDL, kwa watu wengi zaidi kuliko lehemu iliyomo kwenye chakula ni asidi zilizoshiba, hasa ya lauriki, ya miristiki na ya palmitiki, kwa sababu hupunguza uwezo wa ini wa kuziondoa chembe hizo kwenye damu.

Basi ushauri wa wifi yako siuungi mkono hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza asidi zilizoshiba zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayetumia kilokalori 2000, hiyo ni gramu 22 hivi, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina gramu 11 au 12. Vijiko viwili vinamaliza haki ya siku nzima. Cha tatu kinapita, kabla hajagusa nyama, maziwa wala mandazi. Kinachowapotosha watu ni utafiti uliofanywa kwa mafuta maalumu ya asidi fupi za kaboni 8 na 10, zile zinazokwenda moja kwa moja kwenye ini. Mafuta ya nazi yana asilimia 15 tu hivi ya asidi hizo. Lauriki, iliyo nyingi, kwa sehemu kubwa hupita njia ya limfu pamoja na asidi ndefu, na majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi na ya alizeti au mengine yasiyoganda yameonyesha LDL ikipanda kwa walaji wa nazi.

Najua ninaandikia Mombasa, na sitamwambia mtu yeyote huko asahau wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kikombe cha tui zito kinaweza kuwa na gramu 50 za mafuta, kwa hiyo la kufanya ni kupika kwa tui la pili, kuliacha lile la kwanza kwa siku za wageni, na kuhakikisha chungu kilichotiwa tui hakitiwi tena mafuta ya kukaangia vitunguu.

Siku zote nyingine tumia mafuta yenye asidi nyingi zisizoshiba, kama ya alizeti, soya au simsim, badala ya samli na mafuta ya mgando. Sisemi uyaongeze juu ya hayo. Faida inatokana na kubadilisha. Kuhusu mgando kuna jambo la ziada. Mwaka 1902 mwanakemia Mjerumani Wilhelm Normann alisajili hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa kuyatia hidrojeni, na viwanda viligundua kwamba kuitia nusu nusu kunatoa mafuta laini yanayodumu dukani. Lakini kazi hiyo ikiachwa katikati, baadhi ya vifungo maradufu vilivyobaki hugeuka na mnyororo hunyooka. Hayo ndiyo mafuta ya transi. Asidi ya oleiki ikigeuzwa hivyo huyeyuka karibu na nyuzi 44 badala ya 13, ingawa idadi ya atomi zake ni ile ile. Mafuta ya transi hupandisha LDL na wakati huo huo hushusha HDL, lehemu nzuri, na sijui aina nyingine ya mafuta ya kawaida yenye rekodi mbaya kama hiyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Mafuta mengi ya mgando siku hizi hutengenezwa kwa mawese na hayana transi nyingi, lakini soma lebo: ikisema mafuta yametiwa hidrojeni kwa sehemu, irudishe kwenye rafu.

Kuhusu kupima, hapana, usiache kupima. Gramu moja ya mafuta yoyote, mazuri na mabaya, ina kilokalori 9, zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga au ya protini. Andika kwenye dumu tarehe unapolifungua. Lita moja ni gramu 920 hivi. Familia ya watu watano ikiimaliza kwa wiki, kila mmoja amepata wastani wa gramu 26 kwa siku, na hicho ni kiasi kinachostahimilika. Ikiisha kwa siku tatu, jiko linahitaji kuangaliwa upya. Mpe pia maharage, kunde na mboga za majani: nyuzinyuzi zake hushika chumvi za nyongo na kutoka nazo, na ini hulazimika kuchota lehemu kwenye damu ili kutengeneza nyingine. Kama daktari amempa dawa, aendelee nazo.

Nimeacha mafuta ya kupikia kabisa ili nipunguze tumbo. Nakula mboga za kuchemsha, ugali, maharage na matunda. Nimepungua kilo, lakini ngozi imekauka na rafiki yangu ananitisha kwamba nitapata upofu. — Kijana, Nairobi

Ndugu yangu, rafiki yako ametia chumvi, lakini hajakosea kabisa. Mwili unaweza kujitengenezea asidi nyingi za mafuta kutokana na wanga, isipokuwa mbili: ya linoleiki na ya alfa-linoleniki. Mwaka 1929 George na Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalisha panya chakula kisicho na mafuta hata kidogo huku wakiwapa vitamini zilizokuwa zikijulikana wakati huo. Panya waliota magamba kwenye ngozi na mikia, wakaacha kukua na hatimaye wakafa mapema. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba asidi ya linoleiki iliwaponya. Kabla ya hapo wengi waliamini mafuta ni nishati tu na kwamba wanga ungeweza kuchukua nafasi yake yote.

Wewe hujafikia huko, maana mahindi na maharage yana mafuta kidogo, na ngozi kavu ina sababu nyingi, baridi ya Nairobi ikiwa mojawapo. Linalonitia wasiwasi zaidi ni mboga zako. Sukuma wiki, mchicha na karoti zina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ile inayohitajika na macho, na karotini haiyeyuki kwenye maji; husafiri ndani ya vile vitone vya mafuta na nyongo. Hali ni hiyo hiyo kwa vitamini D, E na K. Ukila mchicha wa kuchemsha mtupu, sehemu kubwa ya karotini inapita na kutoka. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa mlo kinatosha kubadilisha hilo, nacho ni kilokalori 40 tu. Karanga chache zilizotwangwa kwenye mboga, au robo ya parachichi, hufanya kazi hiyo hiyo. Ongeza omena au samaki mwingine mwenye mafuta mara mbili kwa wiki. Wana asidi ndefu za omega-3, ambazo mwili wako hujitengenezea kwa shida sana kutokana na mimea. Kuhusu tumbo, litaendelea kupungua ukipunguza jumla ya unachokula. Chapati na soda zina sehemu yao katika hesabu hiyo.

Mwanangu ana miezi minane na haongezeki uzito. Nesi ameniambia nitie mafuta kwenye uji. Hapa Kigoma mawese ni rahisi kupata. Yanafaa, au nitafute alizeti? — Mama, Kigoma

Nesi yuko sahihi, mama, na mawese yanafaa. Karibu nusu ya nishati ya maziwa yako mwenyewe inatokana na mafuta, na mtoto anayeachiwa uji mwepesi anashiba maji kabla hajapata nguvu, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Tia kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli lake uji ukishaiva, usizidishe, kwa sababu mafuta mengi humshibisha kabla ya kula dagaa waliosagwa, yai na maharage anavyovihitaji kwa protini na madini. Tumia mawese mekundu yasiyopauka: wekundu huo ni karotini, na ukiyachoma mpaka yawe meupe umeichoma nayo. Kiasi kikubwa cha asidi ya palmitiki, ambacho kingenifanya nimwonye baba mwenye lehemu, si hoja kwa mtoto wa umri huu. Endelea kumnyonyesha, na kama mwezi ujao uzito haujapanda umrudishe kliniki, kwani minyoo, homa za mara kwa mara na magonjwa mengine hayatibiwi kwa mafuta.

Nina kibanda cha chipsi Temeke. Mafuta yamepanda bei na siwezi kumwaga kila siku. Niyatumie mara ngapi kabla hayajawa hatari kwa wateja? — Mfanyabiashara, Dar es Salaam

Ndugu, swali lako ni la haki na ningependa wenzako wote walisome jibu lake. Hakuna idadi moja, kwa sababu karai la leo linategemea joto, maji ya viazi, makombo na aina ya mafuta. Karaini mambo matatu hutokea kwa pamoja. Maji yanayotoka kwenye viazi hukata vifungo vya trigliseridi na kuacha asidi huru, ndiyo maana mafuta ya zamani hufuka moshi mapema. Oksijeni ya hewani hushambulia vifungo maradufu na kuzaa vitu vyenye harufu kali na vingine vyenye madhara. Na molekuli zilizoharibika huungana zenyewe kwa zenyewe: ule utando wa kahawia unaonata ukingoni mwa karai, ambao steelwire inauondoa kwa taabu, ni mafuta yaliyofikia hatua hiyo. Moshi unaowasha macho una akroleini, inayotokana na gliseroli kuungua.

Nchi kadhaa za Ulaya hupima vitu hivyo vilivyoharibika na kuamuru mafuta yamwagwe vikifika asilimia 24 hadi 27. Wewe huna kipimo, lakini una macho na pua. Mafuta yakitoa povu dogo dogo linalotanda juu na haliishi, yakifuka moshi kabla viazi havijaingia, yakiwa mazito yanapodondoka kutoka kwenye kijiko cha matundu, au chipsi zikitoka nyeusi nje na zenye utelezi ndani, siku yake imefika, hata kama uliyafungua jana.

Unaweza kuisogeza siku hiyo mbele bila kumdhuru mteja. Kausha viazi kwa kitambaa safi kabla ya kuvizamisha. Weka moto wa kati, nyuzi 170 hadi 180, na usiache karai linachemka bure wakati hakuna mteja. Chumvi itiwe kwenye sahani, isitiwe juu ya karai. Chuja makombo kila jioni mafuta yakiwa bado na joto kidogo, uyafunike yasipigwe na mwanga. Usiongezee mapya juu ya yaliyoharibika. Yale ya zamani huyaharakisha mapya kuharibika, na utakuwa umepoteza yote. Kuhusu aina, mafuta ya mawese yaliyosafishwa hustahimili karai kuliko ya alizeti ya kawaida kwa sababu vifungo maradufu vyake ni vichache, na hapa kuna mvutano wa kweli kati ya ustahimilivu wa karai na moyo wa mlaji. Kwa kibanda kinachokaanga kutwa nzima ningechagua mawese mapya kuliko alizeti iliyochoka.

Na kuna mafuta ambayo hayana nafasi karaini hata siku moja. Nchini Kenya kumewahi kuripotiwa mafuta ya transfoma yakiibwa na kuuzwa kwa wakaangaji kwa sababu hayaishi upesi. Mafuta hayo yanatokana na petroli ghafi, hayana gliseroli wala asidi za mafuta, lipasi haina mahali pa kuyakata, na yanaweza kubeba kemikali zenye sumu. Anayekuletea mafuta ya bei ya kutupa bila chupa wala lebo, muulize yametoka wapi kabla hujafungua pochi.

Mafuta yako yaliyochoka usiyamwage mtaroni, wala usimuuzie mpishi mwingine kwa nusu bei, maana utakuwa umehamisha tu hatari kutoka kwa mteja wako kwenda kwa wake. Yaache yapoe, yachuje, uyakusanye kwenye dumu lililoandikwa wazi kwamba si ya kula, kisha utafute mtengeneza sabuni atakayeyachukua.